Pumu na korona: uhusiano wake ni upi?

Pumu ni ugonjwa wa muda mrefu wa njia za hewa. Mirija inayopeleka hewa mapafuni huvimba kwa ndani, misuli yake hukaza, makohozi huongezeka, na mgonjwa hubanwa kifua huku pumzi ikitoa mlio kama filimbi. Haiambukizi. UVIKO-19, yaani korona, huletwa na kirusi, huambukiza, na ukizidi hushambulia vifuko vidogo vya hewa ambako oksijeni huingia kwenye damu.

Mwaka 2020 wenye pumu walihesabiwa miongoni mwa watu walio hatarini zaidi, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Mafua ya kawaida huamsha pumu mara kwa mara, watoto hasa. Ilitarajiwa korona ifanye hivyo hivyo, tena kwa ukali. Lakini taarifa za mwanzo kutoka Wuhan, mji wa China ulikoanza ugonjwa, zilionyesha wenye pumu wachache kati ya waliolazwa; waliojitokeza zaidi ni wenye shinikizo la damu na kisukari. Mwaka huo huo, nchini Uingereza, zilichambuliwa kumbukumbu za afya za watu zaidi ya milioni 17. Pumu ya kawaida haikuonekana kuongeza hatari ya kufa kwa korona. Hatari ilipanda kidogo kwa wale ambao pumu yao iliwahi kuwabana karibuni hadi wakapewa vidonge vya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe.

Kwa hiyo swali la maana si kama una pumu, ni kama pumu yako imetulia.

Sababu moja inayotajwa ni kwamba kirusi cha korona huingia kwenye seli kupitia kipokezi kiitwacho ACE2, na watu wenye pumu ya mzio huonekana kuwa na vipokezi hivyo vichache kwenye njia za hewa. Haya ni maelezo yanayowezekana, si kinga ya kujivunia.

Penye kasoro kubwa kwetu ni kwenye dawa. Kuna inhela ya salbutamol, ile ya bluu, inayofungua kifua kwa haraka, na kuna inhela ya steroidi inayopunguza uvimbe wenyewe na hutumika kila siku hata ukijisikia mzima. Wengi wana ya bluu peke yake. Halafu ukaja uvumi kwamba steroidi inaua kinga ya mwili, basi anayeogopa korona aiache. Ushauri huo ni mbaya: ukiiacha, uvimbe hurudi, na maambukizi yoyote yatakukuta kifua tayari kimebana. Isitoshe, mwezi Juni 2020 watafiti wa Oxford walionyesha kuwa deksamethasoni, nayo ni steroidi, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kati ya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia.

Kujifukiza, kulikovuma sana Tanzania, ni jambo la kuangalia. Mvuke wa moto na harufu kali ya mikaratusi vinaweza kuamsha pumu kwa baadhi ya watu, achilia mbali kuungua.

Kutofautisha magonjwa haya si rahisi siku ya kwanza. Homa, mwili kuuma na kupoteza harufu huelekeza kwenye korona; mlio wa kifua unaozidi usiku na kupungua baada ya salbutamol huelekeza kwenye pumu. Yanaweza pia kuja pamoja, kwa hiyo kipimo ndicho kiamuzi. Ila kama inhela haileti nafuu, au mtu hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au midomo inabadilika rangi, msisubiri majibu ya kipimo. Mpelekeni hospitali, na njiani aendelee kuvuta salbutamol. Asiye na chemba ya kuvutia dawa, yaani kile chombo kinachochomekwa kwenye inhela, anaweza kutumia chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela. Majaribio kwa watoto wa Cape Town yalionyesha inafanya kazi vizuri.