Ukirudi kwenye mazoezi na mlo bora, anza na nusu

Kila Januari, na tena baada ya Ramadhani na Pasaka, kliniki yetu ya lishe hupokea watu wengi wenye maelezo yaleyale: "Nilikuwa nafanya mazoezi, nikaacha." Wengi hulisema hilo kwa sauti ya chini, kana kwamba wanakiri kosa. Ukiwauliza kilichotokea, utasikia habari za msiba kijijini, mtoto aliyelazwa, kufunga hesabu za mwaka ofisini, au malaria iliyomweka mtu kitandani wiki nzima. Sioni uvivu katika majibu hayo. Naona watu wenye majukumu.

Tatizo ninalokutana nalo zaidi liko kwenye namna ya kurudi. Aliyekuwa akikimbia kilomita 5 kabla hajaacha anataka aanze na kilomita 5 zilezile. Jumatatu anaamka saa kumi alfajiri, anakimbia, na siku hiyohiyo anapiga marufuku ugali, chapati na sukari. Jumatano magoti yanamuuma. Alhamisi foleni ya Mbagala inamfikisha nyumbani saa nne usiku, hajala tangu mchana, na chips mayai ndizo zilizo karibu. Ijumaa ameshaacha.

Wiki chache tu za kukaa hutosha kupunguza pumzi. Misuli ya mtu aliyewahi kufanya mazoezi huwahi kurudi, lakini kano na viungo huchelewa kuzoea tena mzigo, na ndiyo maana maumivu huanzia magotini na visiginoni. Kwa hiyo anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya, au hata chini ya hapo, ukae nacho wiki mbili au tatu kabla ya kuongeza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale ambayo ukiyafanya unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Zamani ilielezwa kwamba kila kipindi kifike angalau dakika 10 ndipo kihesabiwe. Mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo, na kwangu hiyo ni habari njema kuliko zote kwa mtu asiye na nafasi. Anayetoka Kimara kwenda Posta kwa basi la mwendokasi anaweza kushuka kituo kimoja kabla ya chake. Akitembea kwa haraka dakika 10 asubuhi na 10 jioni, siku tano za kazi zinampa dakika 100 bila kutafuta uwanja wala viatu vya bei. Zilizobaki 50 atazipata Jumamosi. Kama njia yako ni ya giza au haina pa kupita waenda kwa miguu, tembea mchana wakati wa mapumziko ya chakula.

Nasisitiza kituo cha basi kwa sababu tabia mpya hushika vizuri ikifungwa kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Watafiti wa University College London, waliochapisha matokeo yao mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Ilichukua wastani wa siku 66 hadi jambo lifanyike bila kujilazimisha. Wengine siku 18, na kwa baadhi makadirio yalifika 254. Na waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kilichojengwa. Mtu aliyekosa Jumanne hana deni la kulipa Jumatano.

Upande wa chakula, naomba usifukuze kitu chochote mezani wiki ya kwanza. Chukua chai. Mama mmoja, karani, aliniambia hali vitamu kabisa. Tulipohesabu pamoja, aliweka vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye kikombe na alikunywa vikombe vitatu kwa siku. Hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 48. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, kiwango cha juu cha sukari ya kuongezwa ni gramu 50, na chini ya hapo ni bora zaidi. Alikuwa karibu anaumaliza mgawo wake kabla ya soda wala andazi. Tulikubaliana apunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi upate kuzoea.

Kwa anayekula kwa mama ntilie, maneno manne yanatosha: "Punguza wali, ongeza mboga." Mchicha na maharage tayari yapo kwenye sufuria, na wapishi wengi watakubali kwa bei ileile. Nyumbani, zungumza na anayepika. Chumvi na mafuta huamuliwa jikoni kabla wewe hujarudi kazini. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima, pamoja na iliyomo ndani ya mkate na vyakula vya viwandani, isizidi gramu 5, yaani takriban kijiko kimoja cha chai.

Kama unatumia dawa za kisukari au presha, pita kliniki kwanza, kwa kuwa kula kidogo na kufanya mazoezi zaidi kunaweza kushusha sukari au presha kupita kiasi. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu ukiwa mazoezini, acha na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Yule mama alirudi kwetu mwezi wa tatu. Chai yake ilikuwa imefika kijiko kimoja na nusu. Katikati alisafiri kwenda Songea kuzika, akakaa huko siku tisa bila ratiba yoyote. Siku ya kumi alipanda basi la kazini na kushuka kituo kimoja nyuma, akatembea.