Mkojo umepona, korodani bado inauma

Kijana alimwaga bahasha ya kaki juu ya meza yangu. Zikatoka karatasi za vidonge, nyingine tupu, nyingine zimebakiza viwili vitatu, pamoja na vichupa vya sindano alivyovitunza ili daktari atakayefuata ajue alichomwa nini. Nilizipanga mbele yake tukahesabu pamoja: antibayotiki ya sipro dozi tatu, ya doksi dozi mbili, sindano za siku tano. Yote hayo ndani ya miezi mitano. Ilianza kwa mkojo kuchoma na homa, kisha usiku mmoja korodani ya kushoto ikavimba. Uvimbe ulishuka, homa ikaisha, mkojo ukawa wa kawaida. Maumivu yakabaki palepale.

"Dokta, wameniambia hii ni UTI sugu," alisema. "Naomba ile dawa kali kabisa, hata iwe ya gharama, nimalizane nayo."

Sikumwandikia dawa kali. Tuliupima mkojo wake, tukauotesha maabara kutafuta bakteria, hakikuota kitu. Altrasaundi ilionyesha damu inapita vizuri kwenye korodani zote mbili, hakuna usaha, hakuna uvimbe wa kutilia shaka. Nilipompima kwa mkono, korodani yenyewe ilikuwa laini kama inavyotakiwa. Nyuma yake vidole vyangu vikakuta kitu kigumu, chembamba, kama uzi mnene wenye mafundo, na nilipokibonyeza kidogo alishika ukingo wa kitanda.

Kitu hicho kinaitwa epididimisi. Ni mrija mwembamba mno uliojikunjakunja nyuma ya korodani. Ukinyooshwa unafika kama mita 6. Mbegu za kiume hupita humo zikikomaa kabla ya kupanda kwenye mrija mkubwa unaoelekea kwenye tezi dume. Maambukizi ya mkojo yakimpata mwanaume, bakteria wanaweza kuifuata njia hiyohiyo kinyumenyume, wakashuka hadi huko. Dawa sahihi ikianza, maumivu makali hupungua ndani ya siku chache. Lakini uvimbe na ule ugumu havifuati kalenda ya dawa. Vinaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi, baada ya kidonge cha mwisho.

Huku Tabora nawaeleza wakulima kwa bani la tumbaku, kile kibanda cha kukaushia majani kwa moto. Moto umezimwa jioni, lakini weka mkono ukutani asubuhi, bado kuna joto. Hakuna moto humo ndani, na kumwagia maji zaidi hakusaidii.

Neno "sugu" ndilo linalotupoteza. Linabeba mambo mawili tofauti. Kuna bakteria sugu, wasiosikia dawa uliyopewa. Hao huonekana, kwa kawaida, mkojo ukioteshwa, na maabara hutuambia dawa gani wanaiogopa. Halafu kuna maumivu yasiyoisha ilhali bakteria hawapo tena. Hayo ya pili ukiyatibu kwa antibayotiki unajiumiza bure. Sipro ikirudiwa-rudiwa inaweza kudhuru kano, hasa ile ya kisigino, hadi ikakatika. Na wale bakteria wanaoishi tumboni mwako kwa amani wanajifunza kuizoea dawa, ili siku ukiugua kweli isikusaidie.

Kwa nini maumivu yabaki? Sehemu moja ni kovu na uvimbe wenyewe. Sehemu nyingine ni neva. Neva iliyopiga kelele kwa wiki kadhaa inaweza kuzoea kupiga kelele, ikawa inatuma habari ya maumivu hata kwa mguso wa nguo. Sehemu ya tatu watu wengi hawajawahi kuisikia: misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayoikaza ukitaka kukata mkojo katikati. Mtu anayeumwa huku chini huikaza mchana kutwa bila kujua, anavyokaza mabega mwenye baridi. Misuli iliyokazwa miezi mitano inauma yenyewe, na maumivu yake husikika korodanini, kwenye kinena, hata ndani ya paja. Kijana wangu ni dereva wa bodaboda, hubeba abiria kutoka mjini hadi vijiji vya Uyui, saa nyingi juu ya kiti kigumu. Nilipomuuliza kama anaumwa zaidi akishuka kwenye pikipiki, alinitazama kana kwamba nilikuwa nimepanda nyuma yake.

Kabla sijaenda mbali, neno kuhusu ngiri. Wengi wanaokuja kwangu wamekwishapita kwa mtu aliyewaambia wana ngiri, wakauziwa chupa ya mizizi. Jina hilo limefunika kila kitu: henia (utumbo kujipenyeza nje ya ukuta wa tumbo), busha, mawe ya figo, maumivu ya korodani, hata nguvu za kiume kupungua. Siwalaumu wanaolitumia, ni jina tulilolikuta. Ila henia ya kweli huonekana au husikika kwenye kinena ukikohoa ukiwa umesimama, na tiba yake ni upasuaji. Jiwe kwenye mrija wa figo linaweza kuuma korodanini ingawa korodani ni nzima kabisa, kwa sababu korodani hutengenezwa tumboni, karibu na figo, kabla mtoto hajazaliwa, kisha hushuka na neva zake. Kwa hiyo anayekuambia una ngiri bila kukupima hajakuambia kitu bado.

Sasa yale ambayo hayasubiri. Korodani ikiuma ghafla kwa nguvu, hasa kwa kijana au mtoto wa kiume, ikapanda juu, pamoja na kichefuchefu au kutapika, inaweza kuwa imejisokota na kujikatia damu. Hapo tunashindana na muda, ndani ya saa 6 hivi tangu maumivu yaanze. Panda pikipiki ya kwanza uende hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku huohuo, wala usikubali kupewa dawa ya UTI usubiri asubuhi. Homa ikirudi, ngozi ya mfuko ikawa nyekundu na ya moto, au mkojo ukakataa kutoka, nayo ni safari ya siku hiyohiyo. Na ukikuta kinundu kigumu kwenye korodani yenyewe, hata kama hakiumi, usikipe mwezi.

Kuna kosa langu mwenyewe ambalo sijalisahau. Miaka mingi nyuma nilimtibu mzee mmoja mkulima, epididimisi yake ngumu upande wa kulia, mkojo una chembe nyeupe za damu nyingi lakini ukioteshwa hauoti kitu. Nilimpa antibayotiki, nikambadilishia, nikambadilishia tena. Mara ya tatu alirudi na kitundu kwenye ngozi ya mfuko wa korodani kinachotoa majimaji. Ilikuwa kifua kikuu. Kilikuwa kimekaa pale muda wote, na uoteshaji wa kawaida wa mkojo haukioni. Kinatafutwa kwa kipimo chake. Nilimwomba radhi. Alinijibu, "Basi tutibu sasa, mwanangu," akameza dawa zake miezi 6 bila kuacha hata siku moja. Tangu hapo, chembe nyeupe kwenye mkojo usioota kitu hazinipiti, na namuuliza kila mtu kuhusu kikohozi, kupungua uzito na jasho la usiku.

Nauliza pia kuhusu maji. Waliokulia kwenye majaruba ya mpunga na malambo wanaweza kuwa na kichocho cha mkojo, na mayai yake hayaishii kwenye kibofu, hufika hata kwenye njia za mbegu. Damu inayotoka mwishoni mwa kukojoa ni dalili ya kutajwa bila aibu. Mkojo wa kutafuta mayai hayo hutolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani ndipo yanapotoka kwa wingi. Tiba ni prazikwanteli.

Na umri una neno lake. Kwa wanaume walio chini ya miaka 35 hivi, chanzo mara nyingi ni magonjwa ya zinaa, klamidia au kisonono, wala si UTI ya kawaida. Mwenza asipotibiwa siku hizohizo, mnarudishiana. Kwa mzee, naangalia tezi dume. Njia ya mkojo ya mwanaume ni ndefu, kama sentimita 20, kwa hiyo bakteria hawapandi kirahisi. Wakipanda, lazima niulize kwa nini. Tezi iliyokua hubakiza mkojo kibofuni, na mkojo uliotuama huharibika.

Yakishaondolewa hayo yote, ndipo naanza kutibu maumivu yenyewe. Kijana nilimwanzishia vitu vidogo, akavipokea kwa uso wa mtu aliyetarajia zaidi. Chupi ya kubana mchana kutwa, korodani isining'inie. Usiku, taulo ndogo iliyokunjwa kama ngata, iwekwe chini ya mfuko akilala chali. Beseni la maji ya uvuguvugu, akae dakika kumi na tano jioni. Ibuprofeni kwa wiki mbili baada ya chakula. Kwake ilifaa, lakini mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu asiiguse bila kuzungumza na daktari wake.

Kisha nikamlaza, magoti juu, mkono mmoja tumboni. "Vuta pumzi hadi mkono uinuke," nilimwambia, "halafu ukiitoa, legeza huku chini kama unayeanza kukojoa." Mara tano za kwanza hakuna kilicholegea. Mara ya sita aliniambia, "Kumbe nilikuwa nimekaza." Afanye hivyo juu ya mkeka asubuhi na jioni, na kila akifikisha abiria ashuke, atembee kidogo kabla ya kuita mwingine.

Baada ya wiki tatu nikaongeza amitriptilini, miligramu 10 usiku. Hapa wengi hukasirika. Wakienda duka la dawa wanaambiwa ni dawa ya msongo wa mawazo, wanadhani nimewaona wagonjwa wa akili. Ni kweli ilianza huko. Lakini kwa kipimo kidogo inazituliza neva zilizozoea kupiga kelele, na huhitaji wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Inakausha mdomo na kuleta usingizi, ndiyo maana dereva nilimwambia aimeze saa 2 usiku, si saa 5, asije akapanda pikipiki alfajiri bado ana lepe. Mzee mwenye tezi dume simpi kirahisi, inaweza kumfungia mkojo.

Kuhusu tendo la ndoa, kwa kuwa wote huuliza wakiwa wameshika kitasa cha mlango: maumivu baada ya kufika kileleni yanatisha, lakini, vipimo vikiwa safi, hayaharibu kitu. Uzazi ukiwa ndio hofu, kipimo cha mbegu kinajibu. Upande mmoja ukiziba, ule mwingine mara nyingi unatosha.

Upasuaji nauweka mbali, na nasema kwa nini. Kwanza tunachoma dawa ya ganzi kuzunguka kamba ya korodani, ile inayobeba mishipa ya damu na neva zake. Maumivu yakipotea kwa saa chache, tunajua yanapita kwenye neva hizo, na kukata neva hizo kwa darubini kunaweza kusaidia. Kuondoa epididimisi au korodani nzima ni hatua za mwisho kabisa. Nimewaona waliotolewa korodani na maumivu yakabaki yakiwasubiri palepale. Anayekuja kuniambia "ikate tu" namwomba kwanza wiki kumi na mbili za yale ya beseni na mkeka.

Kijana nilimpa pia kazi ya daftari: kila usiku aandike namba ya maumivu, 0 hadi 10. Alirudi wiki ya kumi na mbili nalo, limejikunja kwa kukaa mfukoni. Wiki ya kwanza zilikuwa 7, 7, 6, 7. Mwishoni 2, 3, 2, na siku mbili za 0 ambazo hakuziamini akaziandika mara mbili. Katikati palikuwa na 8 moja aliyoizungushia duara. Siku hiyo, alisema, alikwenda Uyui na kurudi mara nne bila kushuka kwenye pikipiki.