Ioni za metali katika utando wa bakteria: zinafanya nini?

Ioni ya metali ni atomu ya metali iliyopoteza elektroni, ikabaki na chaji chanya. Magnesiamu na kalsiamu hupoteza elektroni mbili kila moja, na mambo yote yanaanzia kwenye chaji hizo mbili.

Chukua Salmonella Typhi, bakteria wa taifodi, aliyeisumbua Kampala mwaka 2015. Yumo katika kundi la Gram-hasi: ana utando wa ndani, ukuta mwembamba, kisha utando wa nje. Uso wa utando huo wa nje umejaa lipopolisakaridi, yaani molekuli za mafuta yaliyoungana na sukari, zenye fosfati za chaji hasi. Hasi kwa hasi husukumana, kwa hiyo zikiachwa zenyewe zingeachana na utando ungevuja. Ioni ya magnesiamu au kalsiamu hukaa katikati, ikashika fosfati ya huku na ya kule, kama msumari uliopita kwenye mabati mawili yaliyopandana. Sodiamu, yenye chaji moja, haiiwezi kazi hiyo sawasawa. Utando ukishikamana hivyo, antibiotiki yenye molekuli kubwa kama vankomisini haiupenyi.

Bakteria wa kundi jingine, Gram-chanya, hawana utando wa nje; magnesiamu yao hushikwa zaidi na asidi za teikoiki, minyororo yenye fosfati za chaji hasi, katika ukuta wao mnene.

Ukienda kupima wingi wa damu kliniki, damu yako hutiwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Ndani mna EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu ili damu isigande. EDTA hiyohiyo ikiwafikia bakteria wa Gram-hasi huunyang'anya utando ioni zake, na sehemu ya lipopolisakaridi hung'oka. Aghalabu haiui peke yake. Inafungua njia, dawa nyingine inamaliza. Ndiyo maana utaikuta imeandikwa kwenye chupa za shampuu na sabuni za maji, ikivisaidia vihifadhi.

Kolistini, antibiotiki inayowekwa akiba kwa wagonjwa walioishiwa dawa nyingine, ina chaji chanya nyingi. Inaisukuma magnesiamu, inakaa mahali pake, kisha inaupasua utando. Bakteria naye ana ujanja, na mimi naona hapa ndipo penye utamu. Protini yake iitwayo PhoQ huhisi magnesiamu ikipungua, naye huanza kuzivisha fosfati sukari yenye chaji chanya. Chaji hasi zikipungua, kolistini haipati pa kushika.

Maabara nayo mambo haya yanaihusu. Mchuzi wa kupimia nguvu ya antibiotiki, yaani kimiminika cha kukuzia bakteria, hurekebishwa uwe na miligramu 20 hadi 25 za kalsiamu na 10 hadi 12.5 za magnesiamu kwa lita. Ioni zikizidi, Pseudomonas, bakteria mwingine wa Gram-hasi, huonekana sugu kwa antibiotiki ya jentamisini. Zikipungua, yuleyule huonekana dhaifu, na daktari akapewa majibu ya uongo.