Higgs ishapatikana, sasa mashine nyingine za nini?

Huku Kigoma ukikaa kijiweni Mwanga na wanaofuatilia sayansi, utasikia chembe ya Higgs (ile inayohusishwa na chembe nyingine kupata masi) ilishapatikana 2012 na ile mashine kubwa ya kugonganisha chembe, LHC, ya mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwa hiyo mashine yenye nguvu zaidi si inamaliza kazi yote? Wazo linaeleweka kabisa, ila nguvu peke yake haitoshi.

Mashine ile inagonganisha protoni, na protoni ndani ina vipande vidogo zaidi kibao, kwaki na gluoni, kwa hiyo kila mgongano hujui nishati kamili iliyoingia na takataka zinakuwa nyingi mno, lakini inazalisha Higgs kwa wingi, hata zinazovunjika kwa njia za nadra unazipata. Mashine ya kugonganisha elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) ni safi zaidi: nishati ya kuingia inajulikana, ukipima chembe ya Z (chembe nzito inayobeba nguvu dhaifu ya nyuklia) iliyotoka pamoja na Higgs, kinachobaki ndo Higgs yenyewe hata kama hujaiona, kama muuza mawese wa Ujiji, dumu la lita 20 ukichota 5 hana haja ya kuchungulia.

Mbona basi mashine ya elektroni iliyokuwa kwenye handaki hilohilo la kilomita 27 mpaka 2000 haikuiona? Toa simu ujumlishe mwenyewe, masi zenyewe ziko wazi mtandaoni: Z kama GeV 91 (GeV ni kipimo cha nishati, hutumika pia kwa masi), Higgs kama 125, jumla 216 ndo nishati ya kuzitoa zote mbili, na mashine yenyewe iliishia 209 hivi. Karibu kweli! Ila vipimo vyake vya Z vilisaidia kukisia Higgs itafutwe kwenye uzito gani.