"Sauti naisikia, maneno siyapati"

Wazee wengi huletwa kliniki ya masikio na watoto wanaolalamika: "Anasikia akitaka." Nyumbani, wakiwa wawili, mzee anapiga soga vizuri tu. Harusini, muziki ukifunguliwa, anabaki kutabasamu na kutikisa kichwa. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia: "Sauti naisikia, maneno siyapati." Kitaalamu, mzee yuko sahihi kuliko wanawe.

Sikio halichagui. Sauti ya shemeji, spika na mlio wa sahani huingia vyote kwa pamoja. Anayechambua ni ubongo. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Colin Cherry, aliwavalisha watu hedifoni, kila sikio na hotuba yake, akawataka wafuatishe moja kwa mdomo. Ile ya pili hawakuambulia neno. Hata ilipogeuzwa Kijerumani, wapo ambao hawakugundua! Ila sauti ya kiume ikibadilika kuwa ya kike, waliing'amua.

Ubongo pia hujaza mapengo. Mwaka 1970, Richard Warren wa Marekani alikata sauti moja katikati ya neno, akapachika kikohozi. Wasikilizaji 19 kati ya 20 walisema hakuna kilichokosekana.

Lakini ubongo haufumi bila nyuzi. Chukua maneno haya: kaa, taa, saa, faa. Yanatofautiana kwa herufi ya mwanzo tu, nayo ni sauti hafifu, nyembamba, ya kupita kasi. Uzee huanza kula sauti nyembamba, na kelele humalizia zilizobaki. Mzee anaachiwa "aa", akisie mwenyewe. Ndiyo maana kumpigia kelele hakusaidii sana: unakuza "aa" ile ile ambayo tayari anaisikia. Afadhali umwite jina kwanza, umtazame usoni, useme taratibu. Midomo yako itamwonyesha baadhi ya yale ambayo sikio limekosa.

Kifaa cha kusaidia kusikia kinafaa, nami huwahimiza watu wakivae mapema, lakini hukuza pia sehemu ya kelele. Hata akiwa nacho, harusini mkalisheni mbali na spika, ukuta ukiwa mgongoni kwake.

Na mkija kupima, ulizeni kama kuna kipimo cha maneno yaliyochanganywa na kelele. Kipimo cha kusikiliza milio tu kwenye chumba kimya kinaweza kutoa majibu mazuri, mkarudi nyumbani mkiamini mzee anajifanya.