Pweza jike wa nusu kilo bado hajazaa

Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua na kuuza pweza aliye chini ya gramu 500. Ni kanuni nzuri, na kila mnunuzi mwenye mizani dikoni, pale wavuvi wanaposhushia walichovua, anapaswa kuiheshimu. Tatizo ni jinsi inavyoeleweka. Wavuvi wengi, na hata baadhi ya viongozi wa vijiji, wanaamini kuwa pweza akishavuka nusu kilo ameshazaa, kwa hiyo kumtoa hakuna hasara. Kwa dume, imani hiyo haiko mbali sana na ukweli. Kwa jike si kweli hata kidogo, na hapo ndipo inapoanzia hoja ya kufunga miamba kwa muda, yaani kuacha kuvua pweza hapo kwa miezi kadhaa, jambo linalofanywa sasa na jamii kadhaa za pwani yetu, ikiwemo Kisiwa Panza huko Pemba.

Tunayemzungumzia ni yule pweza wa mwambani anayetoka mchana kuwinda. Anaanguliwa akiwa mdogo kuliko punje ya mchele, anachukuliwa na maji kwa wiki kadhaa, kisha anashuka mwambani na kutafuta tundu. Tangu hapo ni kula na kukua. Kaa, kombe na samaki wadogo humjenga haraka mno, kiasi kwamba pweza mchanga anaweza kuongeza uzito wake mara mbili ndani ya wiki chache. Ana sababu ya kuharakisha: maisha yake yote ni kama mwaka mmoja, au mwaka na miezi michache.

Jike huzaa mara moja tu. Akiwa tayari huingia tundu lenye usalama, huvuta mawe kuziba mlango, na hutaga mayai yanayofikia laki kadhaa, akiyatundika kwenye dari ya pango. Hatoki tena, wala hali chochote. Kwa takriban mwezi mzima anayapuliza maji yapate hewa na kuyasafisha kwa mikono yake, huku mwili ukimwisha. Mayai yanapoanguliwa, naye anakufa. Changu au chewa akiponea chupuchupu mwaka huu atataga tena mwakani. Pweza jike hana mwakani. Akichokolewa kabla ya kutaga, haachi kitu.

Sasa anafikia lini hatua hiyo? Hapa ndipo mtafiti anapolazimika kukaa dikoni na kisu na mizani, akiomba wavuvi wamruhusu kumfungua pweza kabla hajauzwa. Kujua dume si kazi ngumu: mkono wake wa tatu wa kulia hauna vikombe kwenye ncha. Jike hutazamwa ndani. Mfuko wa mayai wa jike mchanga ni kitu kidogo ambacho jicho lisilozoea linaweza kukipita; wa jike aliyekomaa umejaa mayai na kuchukua nafasi kubwa ya kichwa chake kile tunachokiona kama mfuko. Kwa kufungua mamia ya pweza, mwezi baada ya mwezi, unapata uzito ambao nusu ya majike wanakuwa wamekomaa. Utafiti wa namna hiyo uliofanywa kusini-magharibi mwa Madagaska ulionyesha kuwa kwa dume uzito huo ni kama gramu 640, na kwa jike ni zaidi ya kilo 2 na gramu 200. Rudi sasa kwenye gramu zetu 500. Jike wa nusu kilo hajafika hata robo ya safari.

Wengine huuliza, kwa nini basi kanuni isipandishwe hadi kilo mbili? Nafikiri haitasaidia sana. Mama anayetembea mwambani na kijiti chake maji yakipwa anaona tundu, anaona maganda ya kaa mlangoni, anachokoa. Hajui uzito mpaka pweza awe mkononi, na akiwa mkononi mara nyingi ameshatobolewa. Kumrudisha majini ni kuwalisha mikunga. Kipimo cha uzito kinamwongoza mnunuzi na kiwanda. Mwambani kinachofanya kazi ni muda. Ukimwacha pweza wa kilo moja atulie miezi miwili au mitatu, atakuwa mkubwa zaidi, na baadhi ya majike watakuwa wameshataga na kuangulia.

Mfano unaotajwa sana ni wa kijiji cha Andavadoaka, Madagaska. Mwaka 2004 wanakijiji walikubaliana kuacha kuvua pweza kwenye sehemu ya miamba yao kwa miezi saba. Matokeo yaliwavuta majirani, na utaratibu ukaenea. Baadaye watafiti walichambua mafungo 36 ya miamba ya kati ya mwaka 2004 na 2011, na wakakuta kuwa katika mwezi uliofuata kufunguliwa, pweza waliotolewa kwenye miamba hiyo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na alichopata mvuvi mmoja kwa siku kiliongezeka kwa karibu asilimia 90.

Naomba namba hizo mbili zisomwe pamoja, maana zimetofautiana kwa sababu. Ile kubwa inahesabu kilo zote, na siku za kufungua watu huwa wengi. Ile ndogo inauliza kila aliyekwenda alirudi na nini, na hiyo ndiyo inayosema hali ya pweza mwambani. Tuseme bamvua moja, zile siku maji yanapopwa na kujaa kupita kawaida, wametoka watu 20 wakaleta kilo 60, na bamvua lililofuata wametoka watu 60 wakaleta kilo 120. Dikoni itaonekana neema, mizigo imeongezeka maradufu. Lakini kila mtu ametoka kilo tatu na kuangukia mbili. Kamati inayoandika kilo peke yake itashangilia wakati mwamba unapungukiwa. Ndiyo maana tunasisitiza daftari liwe na idadi ya waliotoka, saa walizokaa, aina ya uvuvi na uzito wa pweza mmoja mmoja, si wa ndoo nzima. Na daftari hilo lianze kabla ya kufunga. Kijiji kilichoanza kupima siku ya kufungua hakina cha kulinganisha nacho.

Kuna mambo ambayo namba nzuri za siku ya kwanza huyaficha. La kwanza ni msongamano. Habari ya kufunguliwa mwamba husafiri haraka, wageni wanafika na vyombo vyao, miamba inakanyagwa na kuvunjwa kwa vyuma, na bei inashuka kwa sababu mnunuzi ana barafu ya kiasi chake tu. Jamii zinazofanya vizuri huzungumza na wanunuzi mapema na kuweka kanuni za nani anaingia na kwa chombo gani.

La pili linanisumbua zaidi. Mwamba wa karibu, unaofikika kwa miguu, ni shamba la wanawake. Wanaume wana ngalawa na miwani ya kuzamia, hivyo sehemu moja ikifungwa wanakwenda kwingine. Ukifunga mwamba wa karibu bila kuwashirikisha akina mama, wao ndio wanaolipa gharama ya miezi mitatu, na siku ya kufungua wazamiaji wanawatangulia kwa sababu hawasubiri maji yapwe kabisa. Baadhi ya mafungo yamepoteza wanawake kabisa kwenye vikao kwa kosa hilo. Ni haki, na pia ni akili, kutenga sehemu ya wanaotembea kwa miguu na kuwapa wao saa za mwanzo.

La tatu ni kina. Utafiti uliofanywa Tanga, Mafia na Mtwara na kuchapishwa mwaka 2002 ulitahadharisha kuhusu pweza wanaokaa kwenye maji yasiyokauka. Zamani, wakati wengi walivua kwa miguu, pweza wa kina walikuwa akiba: majike wakubwa walitagia huko bila kuguswa. Wazamiaji sasa wanawafikia. Mwamba unaokauka ukifungwa na wa kina ukaachwa wazi, jike anayehama kwenda kutaga anakutana na mkuki njiani. Eneo la kufunga linapaswa kuteremka mpaka kwenye maji marefu, hata kama ni finyu.

Kwa kamati inayotaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Chagueni sehemu moja ya mwamba, si wote, ili watu waendelee kula. Andikeni angalau mabamvua matatu kabla ya kufunga. Tarehe ya kufungua iangukie bamvua, wakati maji yanapwa vya kutosha kwa wanaotembea kwa miguu. Waiteni wataalamu wa taasisi za utafiti wa uvuvi, TAFIRI kwa upande wa Bara, au ZAFIRI kwa Zanzibar, wakati bado mnachora mipaka, kwa sababu baada ya vigingi kusimikwa kubadili huwa ni ugomvi. Na siku mtakapofungua, endeleeni kupima kwa mabamvua mengine matatu, kwani ongezeko la siku ya kwanza hudumu kwa muda mfupi, na mnachohitaji kujua ni limeisha lini.