Wikendi ya kwanza si kipimo cha kupendwa kwa mwendelezo wa filamu

Dhana: "Mwendelezo umevunja rekodi wikendi ya kwanza, kwa hiyo watu wanausifia."

Hapana! Kauli hii haiishi midomoni mwa watayarishaji na wawekezaji, na kila inaporudiwa kuna bajeti ya sehemu ya tatu inayopangwa juu ya hesabu isiyo sahihi. Anayekata tiketi ya onyesho la kwanza hajasikia lolote kutoka kwa mtazamaji mwenzake. Kinachompeleka ukumbini ni matangazo na kumbukumbu ya filamu iliyotangulia. Wikendi ya kwanza huvuna sifa za sehemu iliyopita.

Austin Powers ya 1997 iliingiza takriban dola milioni 54 katika kumbi zote za Marekani na Kanada. Baadaye ikasambaa kwa kanda za video, watu wakaambiana. Mwendelezo wa 1999 ukaingiza milioni 54.9 ndani ya siku tatu za kwanza! Fedha hizo zilitokana na filamu ya zamani.

Maneno ya watazamaji wa mwendelezo wenyewe huanza kuonekana Jumamosi, na wikendi ya pili huwa hayafichiki tena. Fanya hesabu mbili. Chukua mapato ya wikendi ya kwanza, toa ya wikendi ya pili, kisha gawa tofauti kwa ya kwanza: hilo ndilo anguko. Halafu, filamu ikimaliza muda wake, gawa mapato yote ya soko hilohilo (hapa, Marekani na Kanada) kwa ya wikendi ya kwanza, uone yameongezeka mara ngapi. Batman v Superman (2016) ilianza na milioni 166, ikaanguka kwa asilimia 69, ikaishia milioni 330, yaani mara mbili tu ya ilivyoanza. Top Gun: Maverick (2022) ilianza na milioni 126.7, ikaanguka kwa asilimia 29, ikaishia milioni 718.7, mara 5.7. Anayesoma wikendi ya kwanza peke yake angempa ushindi Batman.

Kwa mwendelezo wenye mashabiki wengi, anguko la asilimia 55 hadi 60 ni la kawaida. Likipita 65, watazamaji wanakatazana. Angalia pia kwamba mapato ya maonyesho ya awali ya Alhamisi usiku huingizwa kwenye Ijumaa. Yaondoe kabla ya kulinganisha Ijumaa na Jumamosi. Na kalenda hudanganya: Puss in Boots: The Last Wish ilianza Jumatano kabla ya Krismasi ya 2022, ikaingiza milioni 12.4 Ijumaa hadi Jumapili, ikaishia karibu 186. Hiyo ni mara 15. Ilisifiwa kweli, lakini sikukuu zina fungu lao humo. Linganisha filamu za msimu mmoja.

Dhana: "CinemaScore ya B ni alama nzuri."

CinemaScore, kampuni ya Marekani ya kura za maoni, huwauliza watazamaji wa usiku wa kwanza waipe filamu alama kuanzia A hadi F. Kwa mwendelezo, wengi wao ni mashabiki waliokuja wakitaka kupenda, hivyo B yao ni malalamiko. Batman v Superman ilipata B. Joker: Folie à Deux (2024) ilipata D, ikashuka kutoka milioni 37.7 hadi takriban 7 wikendi ya pili.

Dhana: "Sehemu ya pili huingiza pungufu daima."

John Wick, sehemu ya kwanza hadi ya nne, Marekani na Kanada: milioni 43, 92, 171, 187.

Dhana: "Kelele za mitandaoni ndizo maneno ya watazamaji."

Kabla ya onyesho la kwanza, hayo ni matarajio tu. Anza kusoma Ijumaa usiku, na mtafute anayesema atarudi kutazama tena au atampeleka mwenzake. Anayebishana kuhusu mhusika bila kuwa na tiketi, mruke.

Dhana: "Filamu nzuri itajiuza yenyewe taratibu."

Kumbi hupanga ratiba upya kila wiki, na skrini kubwa za IMAX mara nyingi huwa zimeshaahidiwa filamu inayofuata. Sifa zikichelewa hadi wiki ya tatu, zinakuta maonyesho yamebaki machache, tena ya saa mbaya. Kama mwendelezo ni mzuri kweli, weka maonyesho ya kulipia siku chache kabla ya kuuzindua, ili watu waanze kuambiana mapema. Kama watazamaji wa majaribio, walioonyeshwa filamu kabla haijatoka, walitoka kimya, usiyaweke: kila atakayetoka humo na lawama atapunguza tiketi za wikendi ya kwanza, ambazo ulikuwa na uhakika nazo.